Namba ya Upepo ni ya Gari, Si ya Tairi

*Mwongozo kwa mwenye gari anayefunga matairi mapya Kariakoo*

Mnunuzi wa matairi Kariakoo ni mtu mwangalifu. Atazunguka kutoka Lumumba hadi Gerezani akilinganisha bei, atauliza tairi limetengenezwa nchi gani, atalibonyeza kwa kidole, ataomba apunguziwe. Uangalifu huo wote huishia pale kompresa inapoanza kuunguruma. Fundi akiuliza "niweke ngapi?", wengi hujibu "weka tu inayofaa". Inayofaa kwa siku hiyo huwa thelathini, au thelathini na tano, au arobaini, mbele na nyuma, iwe ni Vitz ya mtu mmoja au Noah itakayotoka hapo imejaa mizigo ya duka kwenda Morogoro. Mwongozo huu una hoja moja: namba ya upepo haitoki kwenye tairi jipya wala kwenye mazoea ya fundi. Inatoka kwenye gari, yaani uzito wake na saizi ya tairi iliyopangwa kuubeba uzito huo. Ukishalielewa hilo, utajua namba ya kumwambia fundi, utajua ni lini namba hiyo ibadilike, na utakuwa na la kujibu ukiambiwa vinginevyo.

KWANZA, KWA NINI

Kinachobeba gari ni upepo. Mpira na nyuzi za waya zilizomo ndani yake ni mfuko wa kuuzuia upepo usitoke. Upepo ukipungua mzigo haupungui. Ubavu wa tairi ndio unaolazimika kuubeba, ukijikunja na kujinyoosha kila gurudumu linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto likizidi, tabaka za mpira na mikanda ya waya huanza kuachana. Ndiyo maana tairi lenye upepo mdogo halipasuki kwenye foleni ya Msimbazi. Linasubiri Barabara ya Morogoro, gari likiwa na mwendo na mzigo. Upepo ukizidi, madhara ni ya namna nyingine: tairi huvimba katikati, eneo linalokanyaga lami hupungua, kashata za katikati huisha kabla ya za pembeni, na gari likiingia shimoni kishindo hakipati pa kumezwa. Nyuzi hukatika ndani, na baada ya siku chache ubavu unaota nundu. Kwa hiyo namba sahihi ni mapatano kati ya hatari mbili, na mapatano hayo yalifanywa na wahandisi waliojua gari lina uzito gani mbele na nyuma.

Tofauti ndogo ya namba inaweza kuleta madhara makubwa, na kesi inayojulikana zaidi duniani inaonyesha hivyo. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya mikanda ya matairi kubanduka barabarani na magari kupinduka. Ubora wa matairi yenyewe ulilaumiwa, lakini upepo nao ulikuwa katikati ya ugomvi: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikisema 30. Psi 4 tu, kwa gari zito linalokwenda kasi kwenye joto, zilitosha kuwa sehemu ya shauri. Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria mpya ya usalama wa matairi, na matokeo yake ni kwamba tangu magari ya toleo la 2008, kila gari dogo jipya linalouzwa huko lazima liwe na taa ya kumwonya dereva upepo unaposhuka kwa robo chini ya namba iliyopendekezwa. Magari mengi ya zamani yaliyotoka Japani hayana taa hiyo. Hapa taa ni geji yako mwenyewe.

Maji ya masika nayo yanahusika. Wahandisi wa NASA waliochunguza matairi ya ndege miaka ya 1960 waliona kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hupungua kadiri upepo wake unavyopungua. Ukiitumia kanuni yao kwa makadirio, tairi la psi 32 huanza kuelea karibu na kilomita 94 kwa saa, na la psi 22 karibu na kilomita 78. Tairi la gari lina kashata za kusukumia maji na hali za barabara hutofautiana, hivyo namba hizo zichukuliwe kama ishara ya mwelekeo tu. Upande wa mafuta, faida ipo lakini ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani: kwa makadirio ya serikali ya Marekani, kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote hula kama asilimia 0.2 ya umbali ambao gari lingekwenda kwa mafuta yaleyale. Anayepima upepo kwa ajili ya mafuta peke yake atachoka mapema. Sababu kubwa ya kupima ni uhai wa abiria na wa matairi uliyoyalipia.

NAMBA IKO WAPI

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ambako mlango hufungia. Kwenye magari yetu mengi, yaliyotembea Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, utakuta stika yenye maandishi ya Kijapani. Maandishi hayatakusaidia, lakini namba ni hizihizi tunazozijua. Kutakuwa na saizi ya tairi, kwa mfano 185/65R15 88S, na kando yake namba kama 220 (2.2). Hiyo 220 ni kilopaskali, kwa kifupi kPa, 2.2 ni kilo kwa sentimita ya mraba. Kwa kawaida namba ya mbele hutangulia ya nyuma, na kama gari lilitolewa na saizi zaidi ya moja, kila saizi ina mstari wake. Stika ikiwa imebanduka au imepakwa rangi, tafuta kwenye ukingo wa mlango wenyewe, nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta, au kwenye kitabu cha gari. Ikikosekana kote, tafuta gari la aina, injini na mwaka uleule ambalo stika yake ipo, usome pale. Magari madogo mengi huangukia kati ya psi 30 na 36, ila hiyo ni kauli ya wastani, na gari lako siyo wastani.

> KISANDUKU: KUGEUZA VIPIMO
>
> Geji za mafundi wetu nyingi husoma psi, stika husoma kPa. Gawanya kPa kwa 6.9 upate psi, au tumia orodha hii:
>
> - 200 kPa (2.0) = psi 29
> - 210 kPa (2.1) = psi 30
> - 220 kPa (2.2) = psi 32
> - 230 kPa (2.3) = psi 33
> - 240 kPa (2.4) = psi 35
> - 250 kPa (2.5) = psi 36
> - 260 kPa (2.6) = psi 38
> - 280 kPa (2.8) = psi 41
> - 420 kPa (4.2) = psi 60, namba ya kawaida ya tairi jembamba la akiba
>
> Geji ikiwa ya baa, baa 1 ni kPa 100. Kwa hiyo 220 kPa ni baa 2.2.

Namba ya stika ni ya tairi lililopoa, na kupoa kuna maana mahususi: gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea kilomita moja au mbili tu kwa mwendo wa taratibu. Tairi likitembea, upepo wa ndani hupata joto na kutanuka. Kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka hupandisha kama psi 1.5, hivyo safari ndefu inaweza kupandisha psi 4 au 5. Kupanda huko kulishapigiwa hesabu tangu gari linabuniwa. Anayetoa upepo kwenye tairi la moto ili lirudi kwenye namba ya stika, kesho asubuhi atakuta limepungukiwa.

MAANDISHI YA UBAVUNI YANASEMA NINI

Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipoacha kuzalisha mwaka 2009, tumekuwa tukinunua matairi ya nje, na ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi ya soko ambalo lilitengenezewa. Mara nyingi utaona namba ya upepo imeandikwa hapo, kama 44 psi au 51 psi, ikitanguliwa na neno la Kiingereza lenye maana ya ukomo. Hiyo ndiyo inayowapotosha wengi. Ni kikomo ambacho tairi lisivuke likiwa limepoa, kilichowekwa na kiwanda ambacho hakijui kama tairi litafungwa kwenye Passo au kwenye Premio. Tairi moja linaweza kufungwa kwenye magari kumi tofauti. Haliwezi kubeba namba moja inayoyafaa yote. Ya muhimu kusoma ubavuni ni mengine: saizi, namba ya mzigo inayoifuata (88 ni kilo 560 kwa kila tairi, 91 ni kilo 615), herufi ya kasi, herufi XL kama ni tairi lililoimarishwa, na tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024.

HATUA KWA HATUA, SIKU YA KUFUNGA

1. Piga picha ya stika kabla ya kutoka nyumbani. Dukani kuna kelele, jua na haraka. Ukiwa na picha kwenye simu, mjadala unakuwa mfupi.
2. Geuza namba kuwa psi na uziandike: mbele ngapi, nyuma ngapi. Kama zinatofautiana, usikubali zilinganishwe "ili iwe rahisi".
3. Linganisha saizi na namba ya mzigo ya tairi unalouziwa na ile ya stika. Zikiwa sawa, endelea. Zikitofautiana, soma kwanza sehemu ya kubadili saizi.
4. Agiza valvu mpya. Valvu ya mpira huzeeka pamoja na tairi. Tairi jipya kwenye valvu kuukuu litapoteza upepo, na wewe utalilaumu tairi.
5. Mwache fundi akazishe tairi kwenye rimu, kisha mwambie ashushe. Ili kingo za tairi zikae sawasawa kwenye rimu, fundi hupandisha upepo juu ya namba ya kutembelea. Ukomo wa kazi hiyo kwa gari dogo ni psi 40. Hapa ndipo matairi mengi mapya hupatia upepo wa kupindukia: kazi ya kukazisha imekwisha, hakuna aliyerudi kushusha.
6. Paka maji ya sabuni kwenye valvu na kwenye kingo za rimu. Povu likitokea, upepo unavuja.
7. Jaza hadi namba yako ukiongeza psi 2 hadi 4. Tairi lililokaa juani, au gari lililofika kwa mwendo mrefu, lina joto. Nyongeza hiyo inafidia, na kesho utarekebisha.
8. Pima lililoko kwenye buti pia. Tairi jembamba la akiba linataka psi 60 na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Likiwa na 30 ni mzigo tu.
9. Kesho asubuhi, kabla gari halijatoka, pima kwa geji yako na uweke namba kamili. Hiki ndicho kipimo cha kweli. Cha jana kilikuwa cha kukufikisha nyumbani.
10. Rudia baada ya wiki moja, kisha kila mwezi na kabla ya safari ndefu. Tairi jipya hutanuka kidogo siku za mwanzo, na hata tairi zima hupoteza kama psi 1 kwa mwezi.

UKIBADILI SAIZI AU DARAJA LA TAIRI

Hapa hoja yetu inapimwa, kwa sababu ndipo namba ya stika inapoonekana kushindwa. Tuanze na mnunuzi aliyebaki kwenye saizi ileile ya 185/65R15, ila badala ya tairi la kawaida lenye 88, yaani kilo 560, amepewa la XL lenye 92, yaani kilo 630. Ataambiwa aongeze upepo kwa kuwa tairi ni gumu. Hesabu inasema vingine. Kwa viwango vya Ulaya, tairi la kawaida hupimiwa mzigo wake kamili kwa kPa 250, na la XL kwa kPa 290. Yote mawili ukiyashusha hadi kPa 220 ya stika kwa kanuni ya viwango hivyo, la kawaida linabeba kama kilo 505, na la XL nalo kama kilo 505. Yamelingana kwa sababu nafasi ya upepo ndani yake ni ileile. Ubavu ulioimarishwa unaliruhusu kupokea upepo zaidi, haulibebei mzigo bila upepo. Kwa hiyo saizi ileile ni namba ileile, hata kama daraja limepanda.

Mambo hubadilika rimu inapobadilika. Chukua gari hilohilo, mwenyewe ametaka rimu kubwa ya urembo na tairi la 195/50R16. Tairi hilo la kawaida lina 84, yaani kilo 500 likiwa limejaa hadi ukomo wake wa mzigo, wakati gari lilitengewa kilo 505 kwa upepo wa kawaida tu. Hapo hakuna namba ya upepo inayoweza kuokoa. Tairi halifai, hata likipendeza. La XL la saizi hiyo lina 88, sawa na la stika, na muuzaji atasema "namba ni moja". Lakini kilo 560 za XL hupatikana kwa kPa 290, si 250. Ili libebe kilo 505, linahitaji kPa 255, yaani psi 37, badala ya 32. Kanuni ya kukumbuka ni fupi: ukihama kutoka tairi la kawaida kwenda XL lenye namba ya mzigo ileile lakini saizi nyingine, zidisha namba ya stika kwa 1.16. Ukihamia tairi lenye namba ya mzigo ndogo kuliko ya stika, usinunue. Na kwa Hiace na magari mengine yanayotumia matairi ya mizigo yenye herufi C, usichanganye hesabu hizi na zake: hayo huenda na upepo mkubwa zaidi, na kufunga tairi la gari dogo badala yake ni hatari isiyotibika kwa kompresa.

MZIGO WA KARIAKOO

Gari linaloingia Kariakoo tupu na kutoka limejaa ni magari mawili kwa mtazamo wa tairi. Wafanyabiashara wa mikoani huja kufunga mizigo ya jumla, familia hupakia vyombo, mchele na mabati, na kila kilo inayoingia kwenye buti inakaa zaidi juu ya ekseli ya nyuma. Ongeza na hili: katika hesabu za Japani za uzito wa gari lililojaa, kila mtu huhesabiwa kilo 55. Watu watano ni kilo 275. Watu wazima watano wa kilo 75 ni kilo 375, yaani zimeshazidi 100 kabla ya kupakia mfuko mmoja. Stika ya gari la Ulaya mara nyingi hukupa safu mbili, ya mzigo mdogo na ya gari lililojaa. Fuata ile ya gari lililojaa. Stika ya gari dogo la Japani mara nyingi ina namba moja tu. Kwa safari ya mzigo kamili, pandisha kPa 20, sawa na psi 3, kwenye matairi ya nyuma yakiwa yamepoa, bila kuvuka ukomo wa ubavuni. Ukishashusha mzigo, rudisha. Elewa tu kwamba upepo haugeuzi gari kuwa lori: ukiona nyuma imelala, punguza mzigo, usipandishe namba.

Msafiri wa Nyanda za Juu hana haja ya kuhofia baridi kama inavyodhaniwa. Gari likitoka Dar es Salaam lenye joto na kulala Mbeya kwenye baridi ya Julai, ubaridi unaweza kushusha kama psi 2 au 3. Lakini hewa ya nje kule juu ni nyepesi, na geji hupima tofauti kati ya ndani na nje, hivyo mwinuko hupandisha usomaji kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mambo mawili hayo hufutana kwa sehemu kubwa. Pima asubuhi ulipolala, uamini geji.

UTAKAYOAMBIWA, NA MAJIBU YAKE

"Barabara zetu ni mbovu, stika iliandikwa kwa barabara za Japani." Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, nayo husemwa na watu wawili wanaopingana: mmoja ataka upepo upunguzwe gari liwe laini, mwingine ataka uongezwe rimu zisipinde. Kule kupingana kwao peke yake kunaonyesha kwamba shimo halina namba yake ya upepo. Tairi laini likigonga ukingo wa shimo, rimu huubana ubavu na kuukata. Tairi gumu likigonga palepale, nyuzi hukatika juu. Dawa ya shimo ni mwendo. Isipokuwa kwenye mchanga mwingi, ambapo dereva hupunguza upepo kwa makusudi, hutembea polepole, kisha hujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

"Hata stika inaweza kukosea." Ni kweli, na kesi ya Ford ni ushahidi: namba 26 ilikuwa ya mtengenezaji mwenyewe, na baadaye alipendekeza 30. Lakini tazama kosa lilikuwa upande gani. Namba ilikuwa chini mno, haikuwa juu mno. Fundisho lake kwetu ni kuihesabu namba ya stika kuwa sakafu. Kuongeza psi 2 au 3 kwa sababu ya mzigo au safari ni uamuzi unaoweza kutetewa. Kushuka chini yake kwa ajili ya ulaini hakuwezi kutetewa.

"Weka gesi ya naitrojeni, haipungui." Hupungua, ila polepole. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilijaza matairi kwa hewa ya kawaida na mengine kwa naitrojeni, yakaanza na psi 30. Baada ya mwaka ya hewa yalikuwa yamepoteza wastani wa psi 3.5, ya naitrojeni psi 2.2. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, hivyo unalipia sehemu iliyobaki. Ukipewa bure, pokea. Usiache kupima kwa sababu yake.

"Mimi naangalia kwa macho, au kulipiga teke." Ubavu wa matairi ya kisasa hutokeza kidogo hata likiwa na upepo kamili. Tairi linaweza kupungukiwa kwa psi 8 na bado likaonekana zima. Teke linakuambia jambo moja tu: kama tairi ni bapa kabisa.

"Geji ya fundi inatosha." Geji ya kazini huanguka, hukanyagwa na hutumika kutwa. Nunua yako, iweke garini. Hata ikikosea psi 1, itakosea vilevile kila siku, na hapo utaona mara moja tairi moja likishuka kuliko mengine.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

- Kutumia namba ya ukomo ya ubavuni kama namba ya kujaza.
- Kuondoka na upepo wa kukazishia tairi, yaani psi 40, bila kushushwa.
- Kutoa upepo tairi likiwa la moto baada ya safari.
- Kuweka namba moja mbele na nyuma wakati stika ina mbili.
- Kufunga matairi mawili mapya na kuyasahau mawili ya zamani bila kuyapima.
- Kupoteza kifuniko cha valvu. Vumbi huingia na valvu huanza kuvuja.
- Kudhani tairi linaloshuka kila wiki linahitaji upepo zaidi. Linahitaji kutafutiwa pancha.

ORODHA YA KUKAGUA: KABLA HUJAMLIPA FUNDI

☐ Saizi na namba ya mzigo vinalingana na stika, au nimeshapiga hesabu ya tofauti.
☐ Tarakimu za wiki na mwaka nimezisoma kwenye matairi yote.
☐ Valvu ni mpya, vifuniko vipo, maji ya sabuni hayakutoa povu.
☐ Upepo umeshushwa baada ya kukazisha.
☐ Mbele: psi ___. Nyuma: psi ___. Nimeshuhudia geji mwenyewe.
☐ Tairi la akiba limepimwa.
☐ Nimeweka kikumbusho kwenye simu cha kupima kesho asubuhi, tairi likiwa limepoa.

Kisanduku cha mwisho kikibaki wazi, vilivyotangulia havijakamilika, kwa sababu namba zote zilizojazwa dukani zilijazwa tairi likiwa na joto.